Siku ya Nane: Namna Dawa za Sonona Zinavyofanya Kazi

Hotuba ya mfamasia mbele ya wananchi wa Newala, mkoani Mtwara, katika Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani na watendaji wa kata, mashehe na mapadri wetu, walimu, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote mlioacha mashamba asubuhi hii ili mje kunisikiliza, nawashukuru kwa heshima zote. Najua msimu umeshaanza, na najua kwamba kila saa mtu anayokaa kwenye kiti hiki ni saa ambayo korosho zake ziko chini zikimsubiri yeye, au zikimsubiri jirani yake.

Nimeombwa nizungumzie dawa za sonona na za magonjwa mengine ya hisia: zinafanya nini mwilini, na kwa nini hutolewa kwa namna zinavyotolewa. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka mingi, na nikiulizwa ni siku ipi iliyo ngumu kuliko zote katika matibabu haya, najibu bila kusita kwamba ni siku ya nane. Siku ya kwanza mgonjwa ana matumaini. Siku ya nane ana mdomo mkavu, anasinzia mchana, choo kimekuwa kigumu, na huzuni iko palepale alipoiacha.

Yupo mama mmoja wa huku kwetu aliyekuja dirishani akafungua fundo la pembe ya kanga, akatoa pakiti ya amitriptilini, akaiweka mbele yangu kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Vidonge vinane vilikuwa vimeshatoka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, “Mwanangu, dawa yenu imenikausha mate tu. Mzigo wangu uko vilevile.” Nikamuuliza, “Mama, siku ulipopewa uliambiwa itaanza kukusaidia lini?” Akanitazama kidogo, akajibu, “Niliambiwa nimeze usiku.”

Jibu hilo lilinichoma, kwa sababu miaka ya nyuma, nikiwa katika kituo kingine, mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia watu maneno hayohayo: meza usiku, utapona. Mmoja wao aliacha vidonge siku ya tisa, nami sikujua mpaka miezi mitatu baadaye, mumewe alipokuja kuchukua dawa ya malaria ya mtoto akanieleza kwamba mkewe amerudi kwa wazazi wake kwa kuwa hainuki kitandani. Dozi haikukosewa. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika tano, na maelezo hayo ndiyo ninayotaka kuyatoa leo, kwa urefu kidogo kuliko dirisha linavyoruhusu.

Kwanza tukubaliane juu ya ugonjwa wenyewe. Sonona si huzuni ya msiba, wala si unyonge wa mtu ambaye korosho zake zimepewa daraja la chini ghalani. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ambapo mtu hapati raha kwa jambo lolote, nguvu zimemwishia, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, na kichwa kinamhukumu kwa makosa ambayo wengine hawayaoni. Kwetu huku wengi hawaji wakisema wana huzuni; huja wakisema mwili unauma wote, kichwa kinawaka moto au moyo unakwenda mbio, wakapimwa malaria na kuambiwa hawana kitu.

Dawa zake hazikutafutwa, ziliokotwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, Staten Island, jijini New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya mbili, isoniazidi na ndugu yake iproniazidi. Isoniazidi mnaifahamu hata kama hamjui jina lake, kwa kuwa hadi leo imo ndani ya vidonge vya kawaida vya mgonjwa wa TB. Wagonjwa wale, waliokuwa wamelala wakisubiri kufa, walianza kula, kucheka, na wengine kucheza ngoma wodini kabla hata mapafu hayajapona. Mwaka 1957 daktari wa akili Nathan Kline akaripoti kwamba iproniazidi iliwasaidia pia watu wenye sonona wasio na TB. Mwaka huohuo Roland Kuhn, wa hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, akatoa taarifa ya imipramini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, ambao haikuwafaa kitu, ikawafaa waliosonona. Amitriptilini tunayoitoa hapa ni mdogo wake imipramini. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ilikuja baadaye sana. Marekani iliiidhinisha mwishoni mwa mwaka 1987.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Ubongo una seli za neva takribani bilioni 86, na sehemu kubwa ya seli hizo hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo ambao unywele ukipasuliwa mara elfu, kila kipande bado kitakuwa kinene kuliko upenyo huo. Aliyewahi kusimama Mtwara mjini akitaka kwenda Msangamkuu anaelewa shida iliyopo: ng'ambo unaiona, lakini katikati kuna maji, lazima uvuke. Seli inayotaka kupeleka ujumbe humwaga kwenye upenyo huo kemikali kama serotonini au noradrenalini, nazo huvuka na kutua kwenye vipokezi vya seli ya pili. Kazi ikiisha hazibaki hapo. Nyingi hurudishwa ndani ya seli iliyozitoa, kupitia milango maalumu, ili zitumike tena. Nyingine huvunjwavunjwa na vimeng'enya. Iproniazidi ilizuia kimeng'enya kinachovunja. Amitriptilini huziba milango ya kurudishia serotonini na noradrenalini. Fluoksetini huziba hasa mlango wa serotonini. Njia ni tofauti, lakini tokeo la kwanza ni moja: kemikali hukaa kwenye upenyo kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida.

Hapa ndipo siku ya nane inapozaliwa. Milango hiyo huanza kuzibwa saa chache tu baada ya kidonge cha kwanza. Kama sonona ingekuwa ndoo iliyopungua serotonini, mgonjwa angejaziwa jioni akaamka mzima. Haiwi hivyo. Nafuu ya kweli huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa wengi huchukua wiki sita au zaidi kukamilika. Ipo sababu ya karibu na ipo ya mbali. Ya karibu ni kwamba seli inayomwaga serotonini ina vipokezi vyake vya kujichunga, na ikihisi kemikali imezidi nje hupunguza kumwaga. Vipokezi hivyo huchukua wiki kadhaa mpaka vilegee. Ya mbali, ambayo naiona kuwa ndiyo kubwa, ni kwamba seli zenyewe huanza kujijenga upya. Katika wanyama wa maabara imeonekana kwamba msongo wa muda mrefu husinyaza matawi ya seli katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na kwamba dawa hizi zikitumiwa kwa wiki kadhaa huongeza protini inayolisha matawi hayo, yakachipua tena. Mwaka 2021 kundi la watafiti la Eero Castrén wa Helsinki lilionyesha kwamba dawa za sonona, za zamani kwa za karibuni, hushika moja kwa moja kipokezi cha protini hiyo. Tawi halichipui kwa usiku mmoja.

Ninyi mnaolima mikorosho hamhitaji maabara ili kulielewa jambo hili. Mnapopulizia salfa wakati mti unachanua, salfa haizai korosho. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu, umekaa kwenye maua, na ua lenye ubwiriunga hukauka likaanguka. Salfa huuzuia ule ubwiriunga, kisha mkorosho wenyewe, kwa mizizi yake na jua lake, ndio unaofunga tunda. Hakuna mkulima anayepuliza Jumatatu akaenda na kikapu Jumatatu inayofuata, na asipoona kitu akaitukana salfa. Hata mzunguko mmoja haumtoshi. Hurudia kwa siku zinazotakiwa mpaka maua yamepita. Dawa ya sonona haitengenezi furaha, na mtu asiye na sonona akiimeza hatapata furaha yoyote. Huupa ubongo nafasi ya kufanya kazi uliyokuwa ukiishindwa, nayo ni kujifunza upya, badala ya kuzunguka kwenye wazo moja kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Ndiyo maana dawa pamoja na ushauri nasaha huzaa zaidi kuliko kimojawapo peke yake.

Niruhusuni nikiri jambo. Kwa miaka mingi sisi wataalamu, mimi nikiwemo, tuliwaambia wagonjwa kwamba wana upungufu wa kemikali kichwani. Ilikuwa kauli nyepesi, na iliwasaidia wengi kuona kwamba sonona si uvivu wala si imani haba. Lakini haikuwa sahihi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022, yakiongozwa na Joanna Moncrieff wa London, hayakupata ushahidi thabiti kwamba watu wenye sonona wana serotonini pungufu. Baadhi ya watu wakayachukua matokeo hayo wakasema kumbe dawa ni bure. Huko ni kuruka mfereji na kutumbukia kisimani. Ubwiriunga hautokani na mkorosho kupungukiwa salfa, na bado salfa inafanya kazi.

Inafanya kazi kwa kiasi gani? Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yaliyohusisha watu wazima 116,477 na dawa 21, na kila dawa kati ya hizo ilishinda kidonge kisicho na kitu. Amitriptilini, kidonge cha bei rahisi ambacho baadhi ya watu hukidharau kwa uzee wake, ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi. Hata hivyo tofauti kwa wastani haikuwa kubwa sana, na wastani huficha watu: yupo aliyefufuka, na yupo ambaye hakuona lolote. Katika utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 2006, takribani theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza. Wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa. Kwa hiyo anayeambiwa baada ya wiki sita kwamba dozi itapandishwa, au kwamba dawa itabadilishwa, asidhani amekuwa mtu wa kujaribiwa.

Nirudi kwenye mate ya yule mama. Amitriptilini haizibi milango tu. Hugusa pia vipokezi vingine visivyohusika na sonona. Ikizuia kile cha asetilikolini, mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu na mkojo hutoka kwa shida, na kwa hiyo mzee mwenye tezi dume aseme mapema kabla hajaandikiwa. Ikizuia kile cha histamini, usingizi huja. Hiyo ndiyo sababu ya kumeza usiku, na ndiyo sababu ya kuanza na miligramu 25 na kupanda taratibu. Maudhi hayo huja siku za mwanzo, kabla ya nafuu, kisha mengi hupungua. Kwa ufupi, mgonjwa hulipa kwanza na kupokea mzigo baadaye, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Fluoksetini humezwa asubuhi kwa kuwa inaweza kukimbiza usingizi. Maudhi yake ni kichefuchefu, kuumwa kichwa, na kwa baadhi ya watu kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanaume wa huku huacha dawa kimyakimya kwa sababu yake badala ya kulisema. Lisemeni. Tuna namna ya kusaidia.

Kuna jambo moja zito ambalo familia lazima zilijue. Katika wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua; Marekani ilianza kuwekea dawa hizi onyo la aina hiyo mwaka 2004. Kwa hiyo mgonjwa aonwe mara kwa mara, aulizwe waziwazi, kwa maana kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, na vidonge vyake vitunzwe na mtu wa nyumbani, vikitolewa vya muda mfupi kwa kila safari. Vikae pia mbali na watoto, kwa kuwa amitriptilini ikizidi huudhuru moyo. Atakayeona dalili hizo kwa ndugu yake asisubiri tarehe ya kliniki. Ampeleke kituoni siku hiyohiyo, wala asimwache peke yake.

Wapo wagonjwa ambao dawa ya sonona peke yake si salama kwao. Ni wale wenye ugonjwa wa hisia unaobadilika, ambao wengine huuita baipola: mara chini kabisa, mara juu kupita kiasi. Akiwa juu, mtu halali usiku tatu wala hachoki, maneno humtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na fedha humwisha mkononi. Msimu huu wa malipo ya korosho ndio wenye hatari ya kutomtambua, maana mtu anayenunua pikipiki mbili kwa siku moja huku kwetu huonekana ana furaha ya mnada tu. Mgonjwa wa aina hiyo akija wakati yuko chini, akapewa fluoksetini bila kuulizwa historia yake, inaweza kumrusha juu. Ndugu anayemsindikiza ndiye mwenye jibu ambalo mgonjwa mwenyewe amelisahau.

Dawa kongwe ya ugonjwa huo ni chumvi. Sisemi hii ya mabwawa yetu ya pwani, ila ni jamaa yake: lithiamu. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba inatuliza wagonjwa waliopanda. Huingia ndani ya seli na kupunguza nguvu ya vimeng'enya vinavyokuza mawimbi ya ujumbe. Udhaifu wake ni kwamba figo huifanyia kama zinavyoifanyia chumvi ya chakula. Mwili ukikaukiwa maji, kwa kuharisha, kwa jua la shambani au kwa kutapika, figo hushikilia chumvi, na lithiamu hushikiliwa pamoja nayo mpaka inageuka sumu. Kiwango chake katika damu kinatakiwa kuwa takribani milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kikizidi kidogo tu mikono hutetemeka, mtu hutapika, huyumba, na maneno humchanganyika. Kwa hiyo pasipo maabara ya kupima, isianzishwe. Mwenye kuitumia asifunge Ramadhani bila kuonana kwanza na daktari wake, na mashehe wetu walioko hapa watanisaidia kueleza ruhusa ya mgonjwa vizuri kuliko mimi. Wala asinunue diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo uliochoka kuokota korosho, kwa sababu nazo hupandisha lithiamu.

Pasipo na vipimo, hutumika zaidi dawa za kifafa, kabamazepini na valproeti, ambazo hutuliza seli za neva zinazofyatuka ovyo. Valproeti isipewe binti wala mama anayeweza kushika mimba ikiwa ipo njia nyingine: takribani mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro, na wengine wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Kabamazepini nayo hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka. Mwanamke mwenye vijiti vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba navyo vikiwa mkononi, na anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegraviri huhitaji dozi yake irekebishwe. Siku hizi yapo maduka ya dawa muhimu hadi vijijini, na muuzaji hawezi kuyajua hayo yote kama mteja hakutaja anachokimeza. Tajeni kila kitu: dawa za TB, ARV, mitishamba, na tramado ya maumivu, ambayo ikikutana na fluoksetini inaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Na pombe ya mabibo, ndugu zangu, ikikutana na amitriptilini humlaza mtu pale alipo.

Mtu huuliza: nikipona je? Kupona si siku ya kuacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaja miezi 9 hadi 12 ya kuendelea na dawa baada ya dalili kuisha, kwa kuwa kuacha mapema hurudisha ugonjwa. Kisha dozi hushushwa polepole, kwa wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, kwa sababu ubongo uliozoea milango iliyozibwa hushtuka ikifunguliwa ghafla: kizunguzungu, ndoto mbaya, hasira, mwili kama wenye mafua. Hali hiyo si uraibu. Mraibu hutamani na huongeza dozi. Huyu hatamani chochote. Dawa ikikosekana kituoni, kama inavyotokea, njoo kabla ya kidonge cha mwisho, si baada yake, ili tukutafutie kwingine au tushushe kwa utaratibu.

Yule mama alikubali kuendelea. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi la dawa, kwa namba kubwa, 14, 28 na 42, nikamwambia arudi siku hizo tatu na asihukumu kabla ya ya mwisho. Siku ya 28 alisema bado halii vizuri wala hacheki vizuri, ila amepika ugali mwenyewe bila kuambiwa. Niliandika “amepika” kwenye kadi yake, chini ya kipimo cha presha.

Muda nilioupewa umekwisha. Waliokuja na dawa zao nitakuwa chini ya mwembe, pale nje, mpaka adhana ya alasiri. Njooni na pakiti yenye jina, si vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, maana vyeupe vidogo vya mviringo viko vya aina nyingi, na mimi sitakisia.